Maktaba Kubwa ya Mji na Jinsi ya Kuitumia

Katika riwaya yake iliyotoka mwaka 1953, mwandishi James Baldwin, Mmarekani Mweusi, alieleza habari za kijana mmoja wa Harlem aliyekuwa akipenda kwenda kulitazama jumba la maktaba kubwa ya mji wa New York. Alikuwa akiwaona simba wawili wa mawe waliolala kando ya ngazi, kisha hugeuka akaenda zake. Haki ya kuingia alikuwa nayo, maana alikuwa mwanachama wa maktaba ndogo ya mtaani kwao, na kadi yake ilimruhusu kuazima kitabu katika maktaba yo yote ya mji. Lakini aliona kwamba jumba lile kubwa lazima liwe limejaa ushoroba na ngazi za marumaru, na kwamba atapotea humo ndani, na watu wote watamtambua kuwa hakuzoea majumba makubwa.

Hofu hiyo haikuwa ya kijana wa Harlem peke yake. Watu wengi sana, hata wenye elimu nzuri, hupita mbele ya maktaba ya mji wao mwaka nenda mwaka rudi wasipande ngazi zake. Hawakukatazwa na mtu. Wanaona haya kwa sababu hawajui la kufanya wakiisha kuingia. Wamwendee nani? Waseme nini? Je, kuna malipo? Kwa hiyo somo letu ni kueleza jinsi maktaba kubwa ya mji ilivyo na jinsi mtu anavyoitumia, nasi tutachukua mfano wa jumba lile lile lililomtisha kijana wa Baldwin, kwa kuwa ni mojawapo ya maktaba mashuhuri duniani, na habari zake zinajulikana vizuri.

Mahali liliposimama jumba hilo, katika barabara iitwayo Fifth Avenue, zamani palikuwa na birika kubwa la maji ya mji lenye kuta nene kama ngome. Mwaka 1895 maktaba mbili za matajiri, Astor na Lenox, ziliunganishwa pamoja na fedha zilizoachwa kwa wasia na Samuel Tilden, aliyekuwa gavana wa jimbo la New York, ili ipatikane maktaba moja ya watu wote. Mkuu wake wa kwanza alikuwa John Shaw Billings, ambaye hapo kwanza alikuwa daktari wa jeshi. Bwana Billings ndiye aliyechora katika karatasi ndogo jinsi jumba litakavyopangwa, na mpango wake unastahili kufahamika. Katika maktaba nyingi za zamani chumba cha kusomea kilikuwa chini. Yeye alikiweka juu kabisa ya jumba, mbali na kelele za barabarani na penye mwanga wa jua, na chini yake akaweka orofa saba za rafu za chuma zilizojaa vitabu. Hivyo kitabu hakibebwi kuzungushwa katika ushoroba mrefu. Kinapanda tu moja kwa moja kutoka chini hadi kwa msomaji.

Rais Taft alihudhuria sherehe ya ufunguzi tarehe 23 Mei 1911, na kesho yake milango ikafunguliwa kwa watu wote. Maelfu kwa maelfu walifika siku hiyo. Mmoja wa wasomaji wa kwanza aliomba kitabu cha Kirusi cha mtaalamu aitwaye Grot kilichohusu mawazo ya Nietzsche na Tolstoy, akakipata katika dakika chache, chini ya kumi. Katika mji wa Kiingereza, kitabu cha kwanza kukumbukwa kikawa cha Kirusi! Lakini jambo hilo si la ajabu kwa mtu anayeijua New York ya siku zile, mji uliojaa wahamiaji kutoka pande zote za Ulaya.

Simba wale wawili wa mawe wana majina. Meya Fiorello La Guardia aliwaita Subira na Uthabiti katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kuu ya fedha, kwa kuwa aliona kwamba hizo ndizo sifa walizozihitaji watu wake wapate kuvuka shida ile. Subira yuko upande wa kusini na Uthabiti upande wa kaskazini. Basi na tupite katikati yao tuingie ndani.

Mlangoni pana mlinzi ambaye hutazama mikoba. Hapana malipo. Mgeni wa nchi nyingine na mwenyeji wa mtaa wa jirani huingia kwa njia moja. Chumba kikuu cha kusomea kiko orofa ya tatu, nacho ni kikubwa mno: urefu wake ni futi 297, upana futi 78, na dari iko futi 52 juu ya sakafu, yaani kiasi cha kwamba kiwanja kizima cha mpira karibu kingeingia kwa urefu. Mna meza 42 za mti wa mwaloni zenye taa za shaba. Dari yenyewe imepambwa kwa maua ya plasta, na usiku mmoja wa Mei mwaka 2014 ua moja lilidondoka sakafuni. Kwa bahati njema hapakuwa na mtu. Chumba kikafungwa, maua yote yakachunguzwa, na wasomaji hawakurudi humo hata Oktoba mwaka 2016.

Mtu aliyezoea duka la vitabu atashangazwa na jambo moja, nalo ni kwamba vitabu anavyovitaka haoni vilipo. Kando ya kuta mna vitabu vya marejeo, kama kamusi na ensaiklopidia, ambavyo mtu huvichukua mwenyewe. Lakini vilivyo vingi vimefichwa. Kwanza msomaji hutafuta katika orodha ya maktaba jina la mwandishi, au jina la kitabu, au jambo linalozungumzwa, hupata namba ya kitabu, huomba kitabu hicho, kisha hungoja. Zamani aliandika maombi kwa mkono katika kipande cha karatasi, na karatasi hiyo ilitiwa katika kichupa kikasukumwa na nguvu ya hewa kupitia mabomba mpaka orofa za chini, ambako watumishi walikipokea wakaenda kutafuta. Mabomba hayo yalifanya kazi kwa zaidi ya miaka mia moja. Siku hizi maombi hupelekwa kwa kompyuta, na tangu mwaka 2016 vitabu hupanda juu kwa gari-moshi dogo lisilo na moshi: magari 24 mekundu, kila moja lenye uwezo wa kubeba ratili 30, yakipanda na kushuka juu ya reli.

Yanatoka wapi magari hayo? Yanatoka chini ya bustani. Nyuma ya jumba kuna bustani ya watu wote iitwayo Bryant Park, na chini ya majani yake, ambapo watu hukaa na kunywa kahawa pasipo kujua kilicho chini ya miguu yao, pamechimbwa ghala kubwa la vitabu. Humo vitabu havikupangwa kwa mambo vinayoyazungumza, bali kwa kimo: vifupi na vifupi, virefu na virefu. Kitabu cha mashairi chaweza kukaa kando ya kitabu cha magonjwa ya ng'ombe kwa sababu kimo chao ni kimoja tu. Jambo hilo laonekana kama upuuzi, lakini si upuuzi hata kidogo. Rafu yenye vitabu vya kimo kimoja haipotezi nafasi juu yake, na kwa kuwa hapana msomaji anayetembea humo, hakuna anayedhurika kwa mchanganyiko huo. Ila orodha ikiharibika, ghala zima limekuwa kaburi.

Ndiyo sababu orodha hutunzwa kuliko kitu cho chote kingine. Zamani iliandikwa katika kadi ndogo zilizotiwa ndani ya droo, kadi zipatazo milioni 10. Kadi hizo zilipoanza kuchakaa zilipigwa picha, na picha zake zikafanywa vitabu 800 vikubwa, ambavyo ni orodha tu ya vitabu vingine. Vitabu vilivyoingia tangu mwaka 1972 viliandikwa katika kompyuta.

Jumba hili la simba ni la utafiti. Kitabu husomwa humo na kuachwa humo. Mwenye kutaka kwenda na kitabu nyumbani huvuka barabara tu, akaingia katika maktaba nyingine ya shirika hilo hilo iliyofunguliwa upya mwaka 2021, au huenda katika tawi la mtaani kwake. Katika matawi hayo rafu ziko wazi, na msomaji hutembea kati yake kama mtu aliye shambani mwake. Hapo ndipo inapofaa kujua mpango wa namba wa Dewey, na mpango huo wastahili kujifunzwa vizuri, maana hutumika katika maktaba nyingi sana duniani, na za Kenya zikiwamo. Mtu akiisha kuufahamu mahali pamoja, ameufahamu kila mahali.

Melvil Dewey, Mmarekani, aliutoa mpango wake mwaka 1876. Aliigawanya elimu yote katika mafungu kumi, kila fungu likapewa namba mia. Namba za 200 ni dini. Za 300 ni mambo ya jamii, kama sheria, biashara na elimu. Za 400 ni lugha. Za 500 ni sayansi. Za 600 ni ufundi na kazi zenye manufaa, pamoja na uganga na ukulima. Za 800 ni fasihi. Za 900 ni historia na jiografia. Kila fungu hugawanywa tena kwa kumi, na kila sehemu ya kumi hugawanywa tena. Tuchukue mfano wa mkulima anayetaka kusoma habari za kahawa. Ataanza na 600. Ukulima ni 630. Mimea ya mashamba ni 633. Baada ya nukta huja namba nyingine zinazopunguza shamba lake la kutafuta, na kahawa yenyewe ni 633.73. Chai ni jirani yake, 633.72. Mfugaji wa ng'ombe atakwenda 636.2, mwenye kuku 636.5, na mwenye mizinga ya nyuki 638.1. Anayetaka historia ya Kenya atatafuta 967.62, na anayetaka sarufi au kamusi ya Kiswahili atazipata katika 496.392.

Faida kubwa ya mpango huu hupatikana baada ya kupata kitabu ulichokijia. Usiondoke upesi. Tazama kushoto na kulia kwake, maana vitabu vinavyozungumza jambo lile lile vimewekwa pamoja, na mara nyingi kitabu cha tatu kutoka kile ulichoambiwa ndicho kilicho bora.

Mpango wa Dewey hauna usawa kamili, na ni vizuri kusema hivyo. Yeye aliipanga dunia kama ilivyoonekana kutoka Marekani ya karne ya 19. Katika namba za dini, zilizo nyingi zilipewa Ukristo, na dini nyingine zote zilibanwa pamoja katika 290. Mwislamu anayetafuta vitabu vya dini yake, iliyo na mamilioni kwa mamilioni ya wafuasi, atavikuta vyote vimesongamana katika 297. Lugha za Kiafrika, mamia kwa mamia, ziliwekwa katika chumba kimoja, 496, na ndiyo sababu namba ya Kiswahili ina mkia mrefu. Msomaji asichukizwe mno. Avihesabu vyumba hivyo kama alivyovikuta, akijua kwamba namba si cheo.

Fedha za matawi ya New York zilitoka kwa wingi katika mkono wa Andrew Carnegie, na habari za mtu huyo zinagusa hata Nairobi. Alizaliwa Scotland mwaka 1835 katika nyumba ya mfumaji maskini, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akawa tarishi wa kupeleka simu za maandishi mjini Pittsburgh. Bwana mmoja aitwaye Kanali James Anderson alikuwa na vitabu vipatavyo 400 nyumbani kwake, naye kila Jumamosi aliwaazima vijana wafanyao kazi. Baadaye mtunza vitabu akasema kwamba ruhusa ya bure ni kwa wanaojifunza ufundi tu, na kwamba tarishi huyu lazima alipe dola mbili kwa mwaka. Carnegie hakuwa na fedha hizo. Akaandika barua gazetini mwaka 1853, kwa adabu lakini kwa hoja, akiuliza kama kweli Kanali alikusudia kuwatenga vijana kama yeye. Barua zikajibizana, na mwisho wake akaruhusiwa. Alipokuwa tajiri wa chuma cha pua aliikumbuka Jumamosi ile. Mwaka 1901 aliupa mji wa New York dola milioni 5.2 za kujenga maktaba za mitaa, kwa sharti kwamba mji wenyewe utoe viwanja na fedha za kuziendesha, na duniani kote alisaidia kujenga zaidi ya maktaba 2,500.

Shirika aliloliacha, Carnegie Corporation, lilisaidia pia kwa fedha katika ujenzi wa maktaba ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa William Northrup McMillan. Nayo ina simba wawili ngazini, jirani na Msikiti wa Jamia. Lakini hapa fedha za yule tarishi aliyezuiliwa mlangoni zilijenga mlango uliozuia wengine: kwa miaka mingi maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka miaka ya mwisho ya utawala wa kikoloni. Siku hizi iko chini ya Kaunti ya Nairobi, na wanafunzi wa kila kabila na dini hukaa katika viti vyake.

Katika Harlem yenyewe, kwao kijana wa Baldwin, tawi la mtaa wa 135 lilikuja kuwa na hazina isiyo na mfano. Arturo Schomburg alizaliwa Puerto Rico mwaka 1874. Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mwalimu wake alimwambia kuwa watu weusi hawana historia wala mashujaa. Alihamia New York mwaka 1891, akafanya kazi ya barua katika benki, na mshahara wake mwingi akautumia kununua vitabu, barua na picha zilizoandikwa au kuchorwa na watu weusi, au zinazowahusu, kutoka Amerika, Ulaya na visiwa vya Karibi. Hakubishana na mwalimu wake kwa maneno. Mwaka 1926 maktaba ilinunua mkusanyiko wake kwa dola 10,000 zilizotolewa na Carnegie Corporation. Vitabu peke yake vilipita 5,000. Tangu mwaka 1932 hata kufa kwake mwaka 1938 Schomburg mwenyewe ndiye aliyevitunza. Leo mahali hapo huitwa kwa jina lake, na mwaka 2017 palipokea karatasi za James Baldwin, mswada kwa mswada.

Wapo pia waliotumia jumba lile kubwa kwa haja zao za kazi. Chester Carlson alikuwa karani wa mambo ya hakimiliki za uvumbuzi, naye jioni alijifunza sheria. Kwa kuwa hakuweza kununua vitabu vya sheria, alikaa katika maktaba ya New York akivinakili kwa mkono mpaka vidole vikamwuma. Maumivu hayo yalimfanya afikiri: je, haiwezekani kupata nakala ya ukurasa pasipo kuuandika? Katika maktaba ile ile akasoma vitabu vya fizikia juu ya vitu vinavyobadilika umeme wake kwa mwanga. Oktoba mwaka 1938 alifaulu kupata nakala ya kwanza, na mwaka 1959 ikatoka mashine ya Xerox iliyoenea katika afisi za dunia nzima. Kila mtu anayetoa nakala ya cheti chake dukani anatumia kilichotokana na jioni zile.

Sasa tuseme machache juu ya mkutubi, yaani mtunza maktaba. Wasomaji wapya humwogopa kama karani wa afisi ya serikali, na hukosea, kwa sababu kuulizwa ndiyo kazi yake. Lakini mtu auulize swali lake hasa. Mtu akisema, "Nataka kitabu cha ukulima," mkutubi atamwonyesha rafu nzima. Akisema, "Kahawa yangu inaota madoa ya manjano chini ya majani, nataka kujua ni ugonjwa gani," atapewa kitabu kimoja au viwili, na pengine ukurasa. Mkutubi hatacheka. Ameulizwa mambo ya ajabu kuliko hayo. Maktaba ya New York ina watumishi wa kujibu maswali kwa simu tangu mwaka 1968, na watu huwauliza kila kitu.

Adabu za humo ndani ni nyepesi. Ongea kwa sauti ya chini, usile mezani, mikono iwe safi, usikunje pembe ya ukurasa wala kuandika kitabuni. Katika maktaba nyingi kitabu ulichokitoa rafuni hutakiwi kukirudisha mwenyewe. Kiache mezani au palipowekwa kwa kazi hiyo, kwa maana kitabu kilichorudishwa mahali pasipo pake kimepotea kama kilichoibwa.

Kuhusu faini za kuchelewesha, maktaba za New York zilizifuta Oktoba mwaka 2021. Kabla ya hapo mwenye deni la dola 15 alifungiwa kadi, na wakazi wapatao 400,000 walikuwa wamefungiwa, zaidi ya nusu yao katika mitaa ya watu wenye shida. Wako watakaosema kwamba pasipo faini watu hawatarudisha vitabu. Sisi twaona kwamba faini ilimfukuza mtoto wa maskini na kumwacha mwenye fedha, ambaye alilipa tu akaendelea kuchelewa. Kitabu kilichopotea bado hulipiwa.

Msomaji asiye na nauli ya kwenda New York naye hakusahauliwa. Mwezi wa Januari mwaka 2016 maktaba hiyo ilitoa picha, ramani na miswada zaidi ya 180,000 isiyo na hakimiliki, ili mtu ye yote popote alipo aitazame na kuichukua bure kwa njia ya intaneti. Anayeanza kutafuta na aandike kwanza jina la mahali au la kitu, kama "Africa" au "Zanzibar", kwa Kiingereza, kwa kuwa orodha imeandikwa kwa lugha hiyo. Kisha apunguze kwa mwaka.